Walter Burton: Mkulima Aliyeingia Seneti ya Texas

Mapema mwaka 1874 maseneta wa Texas walikuwa na shauri la ajabu mezani. Walter Burton, W. Burton na Walter Moses Burton: ni mtu mmoja au ni watatu? Wapiga kura wa kaunti ya Fort Bend walimjua mtu wao vizuri, lakini jina lake lilikuwa limeandikwa kwa namna hizo zote, na wapinzani wakapata pa kushikia. Februari ndipo alipothibitishwa kuwa seneta halali. Jina lilikuwa kisingizio tu, maana aliyeshinda kiti hicho alikuwa mtu mweusi aliyewahi kuwa mtumwa.

Burton aliletwa Texas kutoka North Carolina mwaka 1850, kijana wa miaka 21, mali ya Thomas Burton. Bwana huyo alikuwa na mashamba makubwa Fort Bend, nchi ya pamba na miwa kandokando ya mto Brazos, na ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika.

Uhuru ulipotangazwa Texas tarehe 19 Juni 1865, watumwa wengi walitoka mikono mitupu. Wakarudi kulima ardhi ya watu kwa kugawana mavuno: mbegu kwa mkopo, chakula kwa mkopo, na pamba ikishapimwa deni bado lipo. Burton yeye alinunua ardhi kwa bwana wake wa zamani, kwa dola 1,900. Kwa maoni yangu, siasa zake zote zilianzia hapo. Anayelima chake hawezi kutishiwa kufukuzwa shambani kwa sababu ya kura yake.

Mwaka 1869 alichaguliwa kuwa mkuu wa polisi na mtoza kodi wa kaunti. Weusi walikuwa wengi Fort Bend, kwa hiyo kura hazikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kukamata watu. Inasimuliwa kwamba mhalifu akiwa Mzungu, Burton alimtuma msaidizi wake Mzungu. Wapo watakaouita woga. Mimi nasema alijua anaishi wapi.

Katika Seneti alipigania elimu ya weusi, na alisaidia kupitisha muswada wa kuanzisha chuo cha ualimu cha Prairie View. Alipoondoka mwaka 1882 alitunukiwa fimbo ya mpingo na dhahabu, kwa ombi la seneta mwenzake Mzungu.

Heshima hiyo haikuwafaa kitu waliobaki Fort Bend. Agosti 1889 kundi la Wazungu lililojiita Jaybird lilipigana kwa bunduki na mahasimu wake katikati ya mji wa Richmond, likatwaa utawala wa kaunti, kisha likawafungia weusi nje ya kura za mchujo. Burton alifariki mwaka 1913. Mchujo huo wa Wazungu watupu ulidumu hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipoubatilisha mwaka 1953. Prairie View, ambacho sasa ni chuo kikuu, kinafundisha hadi leo, kilimo kikiwemo.