Kifua cha Jumatatu

Baba yangu aliletwa Tanga kutoka Kasulu na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944 kukusanya vibarua. Alipewa namba, akawa manamba kama wenzake. Mimi nilizaliwa kambini, na 1969 nikaingia kiwandani, upande wa brashi.

Habari za mkonge huanzia kwa Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai 1893 ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 nchi ikafikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika 1964. Hayo yanasimuliwa sana. Wakataji nao wana hadithi zao za miiba na nyoka. Sisi wa brashi hatusimuliwi, labda kwa sababu tulifanyia kazi ndani.

Singa, yaani nyuzi za mkonge, ikishachakatwa kwenye mashine ya korona huanikwa juu ya waya. Ikikauka ndipo inakuja kwetu. Unashika fungu, unaliingiza kwenye ngoma inayozunguka, inasugua na kung'arisha, kisha singa inakwenda kufungwa marobota. Kinachobaki ni vumbi. Lilikuwa na rangi ya singa yenyewe, likituganda kwenye nyusi hata kijana wa miaka ishirini akatoka zamu ana mvi. Kinga yetu ilikuwa kipande cha kanga puani, na maziwa. Kila mtu aliamini maziwa yanashusha vumbi. Yanashuka tumboni, vumbi linabaki kifuani.

Ajabu yake ilikuwa Jumatatu. Jumapili unapumua vizuri, Jumatatu jioni kifua kinabana kama kimefungwa mkanda wa robota, Jumanne nafuu kidogo. Nyapara alisema ni pombe za Jumapili. Mimi sijawahi kunywa.

Kumbe ugonjwa ule ulikuwa na jina: bisinosisi. Wasokota pamba wa Lancashire, Uingereza, waliujua zamani, nao ukiwabana Jumatatu. Mwaka 1978 madaktari walichapisha utafiti wao juu ya wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania, wakionyesha kwamba watu wa brashi ndio walioumia zaidi. Kwetu kambini habari hiyo haikufika. Nilifanya brashi miaka mingine kumi na mitatu, mpaka kamba za plastiki zilipoua soko na kiwanda kikafungwa.

Vumbi likaisha, kukohoa hakukuisha. Kila nikienda hospitali napimwa makohozi. Hakuna kifua kikuu. Chukua vidonge, nenda nyumbani. Nilipimwa hivyo mara tano. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya kazi gani.

Aliyeuliza ni muuguzi mmoja, binti mdogo kuliko mjukuu wangu wa kwanza. Nilikuwa dirisha la wazee, pale penye bango la mpisheni mzee. Alinipulizisha kwenye mashine ya kupima pumzi, akasema, "Babu, mapafu haya hayatarudi ujana, lakini tutayatunza." Akanipa dawa ya kuvuta. Mikono inatetemeka, dawa ikawa inaishia ulimini, basi akatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, akachomeka kikopo cha dawa hapo. Nami navuta taratibu mdomoni mwa chupa. Akanifundisha kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama napooza chai. Asubuhi natembea hadi kisimani na kurudi. Zamani nilipumzika mara nne njiani, sasa mara moja.

Matibabu ya mzee asiye na uwezo ni bure. Kikopo kikikosekana dirishani, nanunua duka la dawa, na mwezi huo nyama hailiwi.

Wenzangu wa brashi waliobaki kijijini ni watatu. Wewe mwenye baba au babu aliyepita mkonge, ukimpeleka hospitali kwa kikohozi, usingoje daktari aulize. Mtajie brashi.