Merikebu za Anga za Matofali, na Mafundi Waliosahauliwa

Mwaka 2024, kampuni ya LEGO ya Denmark iliadhimisha miaka 25 tangu ilipotoa kwa mara ya kwanza merikebu za anga za filamu za Star Wars zinazojengwa kwa matofali ya plastiki. Filamu za zamani zilisifiwa upya, na wapenzi wa mchezo huo, ambao wengi wao sasa ni watu wazima wenye aila zao, wakasimuliwa habari za masanduku yaliyotangulia na yaliyofuata. Hapana ubaya katika sherehe. Lakini historia ya masanduku si historia ya ujenzi. Na madhali walioikuza sanaa hii hata ikawa na kanuni na adabu zake ni wale waliofungua sanduku, wakajenga kilichochorwa, kisha wakakibomoa na kukiunda upya kwa namna ambayo kiwanda hakikuikusudia, ni dhuluma kuwataja pembeni tu kana kwamba walikuwa watazamaji.

Asili ya matofali yenyewe yajulikana. Ole Kirk Christiansen, seremala wa mji wa Billund, Denmark, alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932. Mwaka 1949 kampuni yake ikatoa tofali la plastiki lililofuata mfano wa lile la Mwingereza Hilary Fisher Page. Na tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, akaomba hataza ya tofali lenye mirija ndani, mirija ambayo huvibana vinundu vya tofali la chini hata jengo likainuliwa lisiachane. Tofali la mwaka ule hushikamana na tofali lililotoka kiwandani mwaka huu.

Merikebu za anga zilikuja miaka 20 baadaye. Jens Nygaard Knudsen, mbunifu wa Billund aliyefariki Februari 2020, ndiye aliyemwunda yule mwanasesere mdogo mwenye uso wa manjano na tabasamu, aliyetolewa mwaka 1978, na ndiye aliyemvika kofia ya mwana-anga na kumpa chombo cha kusafiria. Johari ya kazi zake ni merikebu iliyoitwa Galaxy Explorer, iliyotoka mwaka 1979 kwa namba 928 huko Ulaya na namba 497 huko Marekani. Ilikuwa ya rangi ya buluu na kijivu, ina vioo vya manjano vinavyopitisha nuru, na nyuma yake mna milango miwili inayofunguka ambamo gari dogo la kutembelea juu ya sayari liliteremshwa. Wana-anga wake walikuwa 4, wawili wekundu na wawili weupe, kila mmoja ana alama kifuani ya sayari ya dhahabu inayozungukwa na chombo chekundu. Alama hiyo ilifutika kwa kushikwashikwa, na ukanda wa kofia upitao chini ya kidevu ulikuwa mwembamba hata ukikatika upesi. Na kasoro hiyo ilienea mno katika nyumba za watu, kiasi kwamba filamu ya The LEGO Movie ya mwaka 2014 ilipomleta Benny, mwana-anga wa buluu, ilimvika kofia iliyokatika mahali pale pale.

Merikebu za miaka ile ya kwanza hazikuwa na silaha. Hapakuwa na adui wala askari: waovu wenye vyombo vyeusi, Blacktron, walikuja mwaka 1987, na polisi wa anga mwaka 1989. Jambo lililo kubwa zaidi kwa habari yetu ni kwamba nyuma ya masanduku yale palichapwa picha za vyombo vingine vilivyoweza kujengwa kwa vipande vile vile, bila maelezo ya namna ya kuvijenga. Mtoto aliitazama picha, akakisia upande asiouona, akakosea, akarudia, na alipokwisha kukisia akawa amekwisha kuwa mbunifu. Wala hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia kuwa merikebu yake si sahihi, kwa kuwa hapakuwa na merikebu ya asili ya kuilinganisha nayo.

Hali hiyo ilibadilika kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe wastahili kusimuliwa kwa utulivu, kwani athari zake ziko mikononi mwa kila mjenzi wa leo. Habari zake nazipata katika kitabu cha David Robertson na Bill Breen, Brick by Brick, kilichotolewa mwaka 2013. Miaka ya mwisho ya 1990, Peter Eio, aliyeiongoza kampuni katika Amerika, alitambua kwamba George Lucas, mwasisi wa filamu za Star Wars, anatengeneza filamu mpya baada ya kimya cha miaka mingi, na kwamba soko la Marekani lilikuwa limekwisha kutekwa na vitu vya kuchezea vyenye majina ya filamu. Akazungumza na watu wa Lucasfilm, kampuni ya Lucas, akawakuta wana hamu, kisha akalipeleka shauri hilo makao makuu Billund akitaraji shangwe. Alipokewa kwa mshtuko.

Wakuu wa Billund hawakuwa watu wasioelewa biashara. Walikuwa warithi wa imani ya waasisi kwamba vita si mchezo wa watoto, na kwa imani hiyo kampuni ilikuwa imejizuia miaka mingi kuunda vifaru, ndege za kijeshi na bunduki za wakati huu. Sasa wanaambiwa waweke juu ya sanduku lao jina ambalo ndani yake mna neno vita waziwazi! Mmoja wa makamu wa mkuu wa kampuni aliapa kuwa jambo hilo halitakuwa maadamu yeye yu hai. Wengine walihoji heshima: kampuni iliyosimama kwa ubunifu wake yenyewe, iweje ikodishe hadithi ya mtu mwingine? Mimi nakiri kuwa hoja hii ya pili ni nzito kuliko ilivyopewa uzito wakati ule.

Eio na wenzake hawakurudi nyuma. Waliamua kuwauliza wazazi. Wakawauliza wa Marekani, ambao waliliunga mkono shauri kwa wingi, kisha wakawauliza wa Ujerumani, soko lililohofiwa kuliko yote kwa sababu wazazi wa huko walidhaniwa kuwa wakali mno katika mambo ya malezi, nao pia wakakubali. Hata baada ya hapo inadi iliendelea, mpaka Kjeld Kirk Kristiansen, mjukuu wa yule seremala, ambaye mwenyewe alizipenda filamu zile, alipoukata ubishi akaruhusu. Makubaliano yalitangazwa mwaka 1998, na mwaka uliofuata merikebu za kwanza, miongoni mwao X-wing yenye mabawa manne, zikaingia madukani na kuuzwa kupita matarajio ya waliozitetea.

Waandishi wale wawili huusimulia ugomvi huo kama mlango wa utajiri, na hesabu za kampuni zawaunga mkono. Ila mtu anayeitazama meza ya mjenzi huona jambo jingine. Kwa mara ya kwanza merikebu ya matofali ilikuwa na asili yake inayojulikana, iliyopigwa picha kila upande, na watu waliweza kusema: pua hii ni fupi, bawa hili limelala mno, mtambo huu haumo. Ndipo ilipozaliwa namna mpya ya marekebisho. Mjenzi wa mwaka 1979 alibomoa ili apate chombo kisichokuwapo, na yule wa mwaka 1999 alibomoa ili akikaribie chombo alichokwisha kukiona. Wako wanaodharau kazi ya pili wakidai kuwa ni kunakili. Si kweli hata kidogo. Warsha ya Industrial Light & Magic, ambayo Lucas aliianzisha mwaka 1975 huko Van Nuys, California, iliziunda merikebu za filamu kwa kununua masanduku ya vifaru, ndege na magari ya plastiki ya kuunganisha, kuyapasua, na kubandika vipande vyake juu ya miili ya merikebu ili macho ya mtazamaji yadhani kuna mabomba na mitambo mikubwa. Merikebu yenyewe ya asili, basi, ni kazi ya wabomoaji, na yule anayechukua bomba la maji la mwanasesere, usukani wa gari na mpini wa shoka, akavipanga ubavuni mwa chombo chake hata vikafanana na mtambo wa kupoza joto, yumo katika silsila ile ile.

Ufundi wake una hesabu, na hesabu hiyo yapasa kuonyeshwa. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Bamba jembamba lina kimo cha milimita 3.2, na mabamba 3 yakipandishwa hufanya kimo cha tofali moja, milimita 9.6. Kwa hiyo mabamba 5 yakilazwa moja juu ya jingine hufika milimita 16, ambazo ni sawasawa na upana wa vinundu 2. Mtu aliyeielewa siri hii huweza kulilaza tofali kwa ubavu katikati ya matofali yaliyosimama, pasibaki ufa wa kupitisha ukucha, akapata kuta laini zisizo na kinundu hata kimoja na miinamo ambayo michoro ya kiwandani haikuiwaza. Kiungo chake kikuu ni kitofali kidogo chenye kinundu ubavuni, kilichoundwa kwa ajili ya taa za magari. Wajenzi wa merikebu nao wamekitumia kwa wingi.

Kwa sababu ya ufundi huo, rangi ilikuwa mali. Takriban mwaka 2004 kampuni iliacha kijivu chake cha zamani, chenye umanjano kidogo, ikaleta kipya chenye ubuluu, kwa hoja kwamba kinapatana vizuri zaidi na rangi nyingine. Mnunuzi wa kawaida hakuona tofauti. Mjenzi wa merikebu, ambaye ngozi nzima ya chombo chake ni kijivu na ambaye alikuwa amekusanya maelfu ya vipande kwa miaka mingi, aliona kiraka cha nguo mpya juu ya kanzu kuukuu. Malalamiko yalikuwa makali, na kwa haki: kampuni ilikuwa imeigusa akiba ya watu pasipo kuwataka shauri. Vijivu vya zamani havikurudi. Ila mwaka 2005 kampuni iliweka mpango rasmi wa mabalozi waliotoka miongoni mwa wajenzi wenyewe, ili sauti zao zisikike Billund, nami nauhesabu mpango huo kuwa tunda la manung'uniko kama yale.

Baada ya hapo merikebu ziliongezeka ukubwa. Star Destroyer ya mwaka 2002 ilikuwa na vipande 3,096, Millennium Falcon ya mwaka 2007 ilipita 5,000, na ile ya mwaka 2017 ilifika 7,541. Falcon ya mwaka 2007 ilikuwa tupu tumboni. Wajenzi wakaifungua mgongo, wakaijaza ukumbi, ujia na meza ya mchezo wa sataranji wa filamu, na ilipotoka ya mwaka 2017 ukumbi na meza vilikuwamo, vimeandikiwa maelezo. Kadhalika, desturi imekaa ya kujenga kila Septemba merikebu yenye urefu wa vinundu 100 au zaidi, yaani sentimita 80, ndani ya siku 30 za mwezi huo, kazi inayodai uti wa ndani ulio imara usije mgongo ukakatika kwa uzito wake.

Kazi hizi hazidumu. Mjenzi huzibomoa kwa kuwa ayahitaji matofali, zikabaki picha tu. Na ingawa nyumba ya maonyesho iliyofunguliwa Billund mwaka 2017 imetenga ukumbi kwa kazi za wapenzi, haiwezi kubeba hata sehemu ndogo ya yaliyojengwa. Na jambo linalonihuzunisha zaidi ni kuwa masanduku makubwa ya leo hununuliwa mara nyingi na watu wasiotaka kuyafungua, wakiyatunza kabatini wakingoja bei ipande, na hata wanaoyafungua wengi hujenga mara moja, wakaweka rafuni, wasiguse tena.

Mwaka 2022, kampuni ilipotimiza miaka 90, iliirudisha Galaxy Explorer kwa vipande 1,254, yenye buluu na kijivu chake, vioo vyake vya manjano, na wana-anga 4, wawili wekundu na wawili weupe. Ni kazi ya ustadi, imefanywa kwa mapenzi, na waliozoea ile ya zamani waliipokea kwa shukrani. Pamoja nayo yalitolewa maelezo ya kuvigeuza vipande vile vile kuwa LL918 au LL924, merikebu ndogo za wakati ule, na hilo ni jema kuliko kutotoa kitu. Lakini maelezo hayo ni ya hatua kwa hatua, hayakumwachia mtoto upande asiouona. Ombi langu kwa wabunifu wa Billund ni dogo na halina gharama: wachape tena, nyuma ya kila sanduku la merikebu, picha mbili au tatu za vyombo vingine, wasitoe maelezo yoyote.