Uharibifu wa Polima kwa Mnururisho

Uharibifu huu hutokea pale miali yenye nguvu nyingi, kama vile gama au elektroni ziendazo kasi, ipenyapo ndani ya plastiki na kukata vifungo vya kikemia vishikavyo minyororo mirefu ya molekuli zake. Kifungo kikatikapo huacha radikali huru, zisizo na utulivu. Na ni hatima ya radikali hizo, wala si pigo lenyewe la mwali, iamuayo hali ya plastiki. Katika polithini, zikikutana zenyewe kwa zenyewe, minyororo huungana kwa viungo vya kukingama na kuzidi uimara, kama alivyobainisha Arthur Charlesby nchini Uingereza mwaka 1952. Bali katika Teflon, ambayo asidi kali haiidhuru, minyororo hukatika tu, hata kipimo kidogo kikaidhoofisha.

Hasimu mkubwa wa plastiki iliyopigwa miali ni oksijeni. Bomba la sindano la polipropilini, lililotakaswa vijidudu kwa gama ya kilogrei 25, laweza kutoka kiwandani zima, kisha baada ya miezi ghalani masikio yake yakavunjika chini ya vidole vya muuguzi, kwani radikali zilizonaswa ndani ya fuwele huendelea kujitokeza taratibu na kuungana na oksijeni ya hewa, minyororo ikakatika. La kusikitisha zaidi ni habari ya nyonga bandia, ambazo vikombe vyake vya polithini vilitakaswa kwa gama hewani kwa miaka mingi, hata ilipodhihirika katika miaka ya 1990 kwamba vilikuwa vikioksidika na kuchakaa mwilini mwa wagonjwa. Ndipo vikaanza kufungwa katika ombwe au nitrojeni, na baadaye vingine vikatiwa vitamini E.