Mjadala wa Marburg

Mjadala wa Marburg ulikuwa mkutano wa viongozi wa Matengenezo ya Kiprotestanti uliofanyika katika ngome ya Marburg, Hesse (leo nchini Ujerumani), tarehe 1 hadi 4 Oktoba 1529. Wahusika wakuu, Martin Luther wa Wittenberg na Ulrich Zwingli wa Zürich, walikuwa na msimamo mmoja kwamba Maandiko Matakatifu peke yake (kwa Kilatini: sola scriptura) ndiyo mamlaka ya mwisho katika mafundisho ya Kikristo, juu ya Papa na mitaguso. Hata hivyo walishindwa kupatana kuhusu maneno machache ya Yesu katika karamu ya mwisho. Ndiyo sababu mkutano huo hutajwa sana panapoulizwa kama Biblia yenyewe inatosha kumaliza mabishano ya imani.

Asili

Mwezi Aprili 1529, katika Bunge la Dola Takatifu la Kiroma huko Speyer, watawala kadhaa na miji 14 walipinga uamuzi wa kuzuia matengenezo. Ndipo lilipoanza jina "Waprotestanti". Philipp I, mtawala wa Hesse, alitaka kuwaunganisha na Waswisi dhidi ya Kaisari Karl V. Kwanza, lakini, ilibidi wanateolojia wapatane. Luther alikwenda shingo upande.

Majadiliano

Kabla ya kuanza, Luther aliandika kwa chaki juu ya meza, kwa Kilatini, maneno ya Yesu kuhusu mkate na mwili wake. Hoja yake ilikuwa hiyo tu: Bwana amesema "ni", na mwanadamu hana ruhusa ya kulibadilisha neno hilo.

Zwingli na Johannes Oecolampadius wa Basel walijibu kwa Biblia ileile. Yesu alijiita pia mzabibu na mlango, na hakuna anayeelewa hivyo neno kwa neno. Basi "ni" hapa ina maana ya "inaashiria". Walitegemea hasa sura ya 6 ya Injili ya Yohane, inayosema kwamba mwili haufai kitu. Zwingli alidai kwamba aya hiyo inavunja shingo ya hoja ya Luther, naye Luther akajibu kwamba huko ni Hesse, si Uswisi, na shingo hazivunjiki upesi hivyo.

Waswisi waliongeza kwamba mwili wa Kristo umepaa mbinguni, na mwili hauwezi kuwa mahali pengi kwa wakati mmoja. Hapo mabishano yalikuwa yameshatoka katika ufafanuzi wa aya na kuingia katika swali la mwili ni kitu gani. Hata mababu wa Kanisa, kama Agostino na Fulgensyo, waliitwa kuwa mashahidi.

Matokeo

Luther aliandika vifungu 15. Vya kwanza 14, pamoja na Utatu na ubatizo wa watoto wachanga, vilikubaliwa na wote. Katika cha 15 walikubali kwamba waumini wote wapewe mkate na divai, lakini si kwamba mwili na damu ya Kristo vimo humo kimwili. Watu 10 walitia sahihi. Muungano wa kisiasa haukupatikana, na Zwingli aliuawa vitani huko Kappel tarehe 11 Oktoba 1531.

Tathmini

Wakatoliki huona hapo dalili kwamba Maandiko yanahitaji Mapokeo na mamlaka ya kuyafafanua, kama Mtaguso wa Trento ulivyofundisha mwaka 1546. Waprotestanti hujibu kwamba vifungu 14 kati ya 15 si haba, na kwamba sola scriptura haidai kila aya iwe wazi sawasawa. Jibu hilo lina uzito, ila kilichobaki hakikuwa kidogo: ni ibada iliyopaswa kuwaunganisha. Tena Walutheri wenyewe walitunga maungamo, kuanzia lile la Augsburg (1530), ambayo kwa vitendo yaliongoza usomaji wa Biblia.

Ushirika wa meza ya Bwana kati ya makanisa mengi ya Kilutheri na ya Kireformati barani Ulaya ulikubaliwa katika Mapatano ya Leuenberg, mwaka 1973.