Ndoano ya manyoya: ujuzi uliovuka ziwa mara mbili



Kila tukiandika historia yetu tunaanza na vita: 1964, 1996, 1998. Leo tunaanza na kipande cha bati. Tunataka kuongea juu ya ndoano za manyoya, zile ambazo wazee wetu wa Ubwari, Mboko na Baraka walitengeneza kwa mikono na kuvua nazo bila kuweka chambo hata kidogo. Tunaandika kwa sababu wanaojua kuzimaliza vizuri wamebaki wachache, na watoto waliozaliwa kambini wanapita mbele yao bila kuuliza kitu.

Wazo la hiyo ndoano lilitoka kwa samaki mwenyewe. Mikebuka wanakula ndagala. Usiku, taa ikiwaka juu ya maji, ndagala wanakusanyika kwenye mwangaza, na mikebuka wanawafuata kwa chini. Sasa muvuvi asiye na wavu afanye nini? Anatengeneza ndagala wa uongo. Anafunga unyoya mweupe wa kuku kwenye ndoano, anapanga ndoano nyingi kwenye uzi mumoja, anaweka uzito mwishoni, anashusha, kisha anavuta juu na kuachia, juu na kuachia. Mukebuka anaona kitu cheupe kinaruka, anarukia. Kwa sangala, ambaye ni mukubwa, walifanya kitu kingine: bati linalong'aa, limekatwa umbo la samaki mudogo na kupindwa kidogo kama kijiko, linalokokotwa nyuma ya mutumbwi.

Zamani zaidi, wazee walivua usiku kwa mienge na kwa lusenga, ule wavu wa kuchotea wenye mupini murefu. Miaka ya 1950 taa za presha na nyuzi za nailoni zilienea ziwani. Miaka hiyo hiyo Wagiriki walileta meli za nyavu kubwa za kuzungusha kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo. Nyavu zile zilipunguza sana samaki wakubwa, sangala na nonzi, upande wa kaskazini. Lakini nailoni ilimusaidia na mutu mudogo. Kamba ya nyuzi za miti ilikuwa nene na iliharibika na maji. Nailoni ni nyembamba, samaki haioni vizuri, na haiozi. Tangu pale, mutu mwenye mutumbwi mudogo, uzi na jogoo mweupe nyumbani aliweza kulisha watoto bila kuomba mutu.

Halafu ikaja 1996. Tulivuka usiku kwenda Kigoma, wengine katika mitumbwi ile ile ya kuvulia. Nyavu tuliziacha kwenye muchanga. Mizigo ikiwa mingi, mutu anachagua mutoto, hachagui wavu. Tulipelekwa Lugufu na Nyarugusu, mbali na maji. Bila kibali mukimbizi hakuruhusiwa kupita kilometa 4 kutoka kambini, na ziwa lilikuwa mbali sana kupita hizo kilometa 4. Muvuvi akageuka mutu wa kupanga mustari wa chakula.

Pale njo tuliona kitu ambacho hatukukielewa wakati ule. Mafuta ya kupikia ya msaada yalikuja katika makopo ya bati, na ndani ya kopo bati linang'aa sana. Wazee wachache walikuwa wanaokota makopo matupu, wanayakata kwa mukasi, wanayasugua kwa majivu, wanayapinda. Tuliwacheka. Tuliwauliza: muzee, hapa utavua nini, vumbi? Mumoja wao alijibu kwamba mukono ukikaa bure unasahau. Alitundika zile bati kwenye mulango wa nyumba yake ya udongo, zikawa zinalia na upepo, na watoto wakafikiri ni mapambo tu.

Kuanzia mwaka 2005 tulianza kurudi kwa meli, Kigoma mpaka Baraka. Wengi tulishuka na sahani, blanketi na jembe. Ziwa lilikuwa pale pale. Wavu na taa vilihitaji makuta ambayo hatukuwa nayo. Wengine walichukua vifaa kwa mukopo: unavua usiku kucha, asubuhi mwenye wavu anachukua sehemu yake, mwenye taa sehemu yake, na wewe unarudi nyumbani na samaki wa mboga tu. Hapo tukakumbuka zile bati za mulangoni.

Lakini tulikumbuka nusu tu. Ndoano zetu za kwanza zilikuwa mbaya, lazima tuseme ukweli. Tulikata kopo, tukatoboa kwa musumari, tukafunga ndoano, tukaingia majini. Ukingo wa bati tuliouacha bila kusugua ulikata uzi, na samaki akaenda na kila kitu. Manyoya tuliyofunga ovyo yalizunguka kwenye ndoano na kulala upande. Baada ya siku chache bati lilishika kutu, likawa jeusi, na samaki hawakulitazama tena. Vijana wakasema: hii ni mambo ya zamani, haifanyi kazi. Kumbe kazi ilikuwa nzuri, ila haikumalizwa.

Tukarudi kwa wazee na kukaa chini. Walitufundisha hivi, na tunaandika ili ibaki.

Bati la kopo ni la kujifunzia. Kwa kazi ya kweli tafuta kijiko cha zamani kisichoshika kutu, au aluminiamu ya sufuria iliyokufa. Ukishakata, piga tupa ukingo wote mpaka kidole kipite bila kuumia. Tundu nalo lisuguliwe ndani, kwa sababu uzi unakatikia mule. Kisha ng'arisha kwa muchanga laini, halafu majivu na limau, halafu kitambaa kikavu.

Unyoya uwe wa shingo ya jogoo, mweupe, wenye uhai. Unyoya wa kuku aliyekufa kwa ugonjwa unavunjika. Funga uzi ukianzia karibu na jicho la ndoano, vuta kila muzunguko, na manyoya yafunike ndoano bila kuzidi sana. Yakizidi, samaki anauma mukia na kukuachia mudomo. Juu ya fundo pakaa verni ya makucha, ile ya kina mama, mara mbili, na uache ikauke usiku mzima. Bila ile, maji yanafungua kila kitu.

Mwisho, pima katika beseni. Bati linyanyuke na kuyumba kama samaki aliyeumia. Likizunguka kama pia, litasokota uzi wako: pinda tena. Na kale kamwiba ka ndani ya ndoano ukachonge kakali kila jioni.

Hatusemi ndoano itachukua nafasi ya wavu. Mwenye wavu ataleta ndagala wengi kuliko sisi. Lakini ndoano haichukui watoto wa samaki, kama vile vyandarua vya mbu tunavyoona vikikokotwa kwenye fukwe zetu. Na faida yake ni yako yote. Kijana anayeanza bila kitu anaweza kuanza na hii.

Muzee wa zile bati za mulangoni alifariki baada ya kurudi. Wajukuu wake wanavua kwa mukopo mpaka leo; hakuna aliyemuuliza. Tumeliona hilo, na tumesikia haya.

Kwa hiyo tunaomba hivi: kila muzee anayejua kufunga unyoya achukue vijana wawili, na wawili hao wawe waliozaliwa kambini. Leteni kijiko kilichovunjika, leteni tupa, na mama asikatae kutoa chupa ya verni iliyobaki. Ujuzi huu ulivuka ziwa kwenda na kurudi bila kibali wala mukopo. Itakuwa aibu ufie hapa nyumbani.