Mahakama ya Mfalme na Mtwana: Dola na Sheria katika Uingereza ya Kikabaila

Wanazuoni wa kibwanyenye wamezoea kuieleza sheria ya Uingereza kama zawadi ya wafalme wenye hekima kwa raia wao. Sisi tunaoichambua historia kwa kuangalia matabaka hatuna budi kuuliza: chombo hicho kiliundwa kwa kazi gani, na ni nani aliyeruhusiwa kukitumia? Swali hili linatuhusu. Kwa Amri ya mwaka 1920 wakoloni waliileta Tanganyika sheria hiyo hiyo, kama ilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920. Anayetaka kuielewa lazima arudi kwenye chimbuko lake.

Hazina yatangulia

William wa Normandy aliiteka Uingereza mwaka 1066, akawanyang'anya ardhi makabaila wa Kisaxon na kuwagawia wapiganaji wake. Mwishoni mwa mwaka 1085 aliamuru mali ya karibu nchi nzima iorodheshwe: nani anamiliki shamba, lina plau ngapi, lina wakulima wangapi, na thamani yake ni kiasi gani. Orodha hiyo ndiyo Kitabu cha Domesday, yaani kitabu cha Siku ya Hukumu. Wananchi ndio waliokipa jina hilo, kwa kuwa kilichoandikwa humo hakikuwa na rufaa.

Katika karne ya 12 Hazina ya mfalme ilikuwa na utaratibu kamili. Wakuu wake walikaa kuizunguka meza iliyotandikwa kitambaa cha miraba, wakahesabu fedha kwa kupanga vihesabio juu yake. Sherifu, mwakilishi wa mfalme katika kila wilaya, alifika mara mbili kwa mwaka kutoa hesabu. Stakabadhi yake ilikuwa kijiti kilichokatwa alama na kupasuliwa vipande viwili, kimoja cha Hazina na kingine cha mlipaji. Hesabu ziliandikwa kwenye ngozi, na ya zamani kabisa iliyosalia ni ya mwaka 1130.

Ni juu ya msingi huu ndipo Henry II, aliyetawala tangu 1154 hadi 1189, alipojenga mahakama zake. Mwaka 1166 aliagiza kwamba watu 12 wa kila tarafa na watu 4 wa kila kijiji waapishwe, kisha wawataje wezi na wauaji wa kwao mbele ya majaji wa mfalme. Mali ya aliyepatikana na hatia ilikwenda kwa mfalme. Kwa hiyo jaji aliyezunguka wilayani alikuwa pia mkusanya mapato.

Mlango wafunguliwa nusu

Hata hivyo tusilichukulie jambo hili kijuujuu. Mtu huru aliyenyang'anywa shamba aliweza kulipia hati ya mfalme. Kwa hati hiyo sherifu aliwaita watu 12 wa jirani waseme kwa kiapo: je, huyu alitolewa katika ardhi yake bila hukumu? Wakisema ndiyo, alirudishiwa. Hatua hii iliwapunguzia makabaila nguvu ya mahakama zao wenyewe, na ikampa mmiliki mdogo mahali pa kukimbilia. Mfalme alifanya hivyo kwa faida yake, lakini matokeo yake yalikwenda mbali kuliko nia yake.

Mgongano kati ya mfalme na makabaila wakubwa ulilipuka wakati wa mwanawe, John. Alikuwa ameipoteza Normandy mwaka 1204, akawakamua makabaila ili apate fedha za kuirudisha. Tarehe 15 Juni 1215, huko Runnymede, walimlazimisha kuukubali Mkataba Mkuu. Aliahidi kutouza haki, kutoinyima wala kuichelewesha. Aliahidi pia kwamba mtu huru hatakamatwa wala kunyang'anywa mali bila hukumu halali ya watu wa hadhi yake au sheria ya nchi. Papa Innocent III aliutangua mwaka huo huo, lakini ulitolewa upya mara kadhaa, na nakala ya 1225 ndiyo iliyodumu.

Ndugu msomaji ayaangalie vizuri maneno "mtu huru". Sehemu kubwa ya wakulima walikuwa watwana. Mtwana alilima shamba la bwana bila ujira, alilipa ili binti yake aolewe, na alipokufa bwana alichukua mnyama wake bora. Akidai ardhi kwenye mahakama ya mfalme, ilitosha bwana kuthibitisha kwamba mdai ni mtwana wake, na shauri likafa. Kwa makosa ya jinai, lakini, mlango ulikuwa wazi: mahakama iliyokataa kumsikiliza akidai shamba ilikuwa tayari kumnyonga akiiba.

Wakulima wanaishika kalamu

Tauni ya 1348 na 1349 iliua kati ya theluthi moja na nusu ya watu. Wafanyakazi wakawa adimu, nao wakadai ujira zaidi. Dola ilijibu kwa sheria za 1349 na 1351 zilizorudisha ujira katika kiwango cha kabla ya tauni, na majaji wakapewa kazi ya kuwaadhibu waliodai zaidi. Hapa uso wa kitabaka wa sheria haukuwa na pazia.

Wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1377 vijiji kadhaa vya kusini vilinunua nakala za Kitabu cha Domesday ili kuthibitisha kwamba zamani ardhi yao ilikuwa ya mfalme, kwa hiyo hawawajibiki kuwatumikia mabwana. Kitabu cha mtekaji kiligeuzwa ushahidi wa waliotekwa! Bunge la makabaila lilishtuka na kuamuru wazimwe.

Kisha ikaja kodi ya kichwa. Mwaka 1377 ilikuwa peni 4, na mwaka 1380 ikapandishwa hadi peni 12. Juni 1381 wakulima wa Kent na Essex waliingia London, wakiongozwa na Wat Tyler. Waliwaua Sudbury, mkuu wa ofisi ya hati za mfalme, na Hales, mkuu wa Hazina, na huko Suffolk akauawa Jaji Mkuu Cavendish. Mashambani walichoma madaftari ya mahakama za mabwana yaliyowataja kuwa watwana. Tarehe 14 Juni Mfalme Richard II, kijana wa miaka 14, aliwaahidi hati za uhuru. Kesho yake Tyler aliuawa, na Julai hati zikafutwa.

Hata hivyo utwana ulikufa pole pole, bila sheria yoyote ya Bunge kuufuta. Uliuawa na uhaba wa nguvukazi, na wakulima waliohama na waliogoma. Kufikia karne ya 16 nakala ya daftari la mahakama ya bwana, daftari la aina ile ile iliyochomwa 1381, ilikuwa hati ya mkulima ya kumiliki shamba lake, na mahakama za mfalme ziliitambua. Maandishi ya sheria hayakubadilisha uwezo wa wakulima. Uwezo wao uliokua ndio uliobadilisha maana ya maandishi. Kada anayesoma sheria yoyote na aanze hapo: aulize ni nani anayeweza kuitumia, na nguvu gani inamwezesha.