Aljebra Zisizokoma

Mwaka 1888 Wilhelm Killing alikuwa akifundisha Braunsberg, mji mdogo wa Prussia ya Mashariki ambao leo uko Poland. Alikuwa mbali na vyuo vikuu vikubwa na alielemewa na vipindi. Hata hivyo, ndipo alipoanza kuchapisha orodha ambayo wanahisabati wanaitegemea hadi sasa: aljebra zote sahili za Lie zenye vipimo vyenye kikomo. Zimepewa jina la Mnorwe Sophus Lie, na kazi ya aljebra hizi ni kueleza namna kitu kinavyoweza kusogezwa au kuzungushwa kidogo kidogo kisibadilike. Mizunguko ya mpira, kwa mfano, ina vipimo 3. Killing alipata familia 4 na aljebra 5 za pekee, kubwa kuliko zote ikiwa na vipimo 248. Baadhi ya hoja zake zilikuwa na mapengo. Élie Cartan aliyaziba katika tasnifu yake ya mwaka 1894, na sifa nyingi zikamwendea yeye. Killing alistahili zaidi.

Kila aljebra ya orodha hiyo hujengwa kutokana na jedwali dogo la namba. Chukua jedwali la safu mbili: 2 na -1 juu, -1 na 2 chini. Zidisha kwa mshazari kisha utoe: 4 toa 1, unabaki na 3. Jibu ni chanya, na aljebra inayotokea ina vipimo 8 basi. Sasa weka -2 mahali pa kila -1. Hesabu ileile inatoa 0, na ujenzi haukomi tena. Kila hatua inazaa nyingine, bila mwisho.

Kwa miongo mingi majedwali ya namna hiyo yaliachwa nje. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wawili waliyashika, kila mmoja kwa njia yake: Victor Kac huko Moscow, na Robert Moody wa Kanada, aliyemaliza udaktari Toronto mwaka 1966. Hawakufanya kazi pamoja, lakini leo aljebra hizo zinaitwa za Kac na Moody.

Thamani yake ilijitokeza mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Karne ya 19 Carl Jacobi alikuwa ameonyesha kwamba ukizidisha (1−x)(1−x²)(1−x³) na kuendelea bila kikomo, kisha ukakipandisha kizao kwenye kipeo cha 3, unapata 1 − 3x + 5x³ − 7x⁶ + 9x¹⁰ na kuendelea. Mwanafizikia Freeman Dyson, aliyependa nadharia ya namba tangu ujana, alitafuta fomula za aina hiyo kwa vipeo vingine. Akapata 8, 10, 14, 15, 21, 24, 26, 28. Karibu zote ni vipimo vya aljebra za orodha ya Killing, namba ambazo wanafizikia wanazijua vizuri, lakini Dyson hakuzitambua.

Wakati huohuo, katika taasisi ya Princeton alikofanya kazi Dyson, mwanahisabati Ian Macdonald alikuwa akizifikia fomula hizohizo kupitia aljebra. Binti zao walisoma darasa moja, na wazazi walikutana mara kwa mara. Hawakuulizana wanafanya nini, kwa kuwa mmoja alihesabiwa mwanafizikia na mwingine mwanahisabati. Dyson alikieleza kisa hicho hadharani mwaka 1972 kwa uchungu, na ujasiri wake wa kukisema ni wa kupongezwa.

Mwaka 1974 Kac alionyesha fomula za Macdonald zinakotoka: ni sura ya nje ya aljebra zisizo na kikomo. Ile ya Jacobi inatokana na jedwali letu la -2 na -2.

Makundi, yaani mikusanyo ya misogeo na mizunguko mizima, yanayoambatana na aljebra hizo yalipata kitabu chao mwaka 1986, Andrew Pressley na Graeme Segal walipoandika kuhusu makundi ya vitanzi, yaani njia zote zinazozunguka ndani ya kundi na kurudi zilikoanzia. Mwaka 1992 Richard Borcherds alizipanua aljebra za Kac na Moody ili kuthibitisha uhusiano kati ya kundi kubwa liitwalo Zimwi na fomula za nadharia ya namba. Mwaka 1998 alitunukiwa Medali ya Fields.